Paa lisipofungwa, litapaa

Mwaka jana, kusi ilipokuwa kali, paa la chuo cha mtaani kwetu liling'oka zima na kutua katika kiwanja cha jirani. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo chuo hufungwa, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Lau ingekuwa Jumamosi asubuhi, chini ya paa lile wangekuwako watoto 40 na mwalimu wao.

Nilifika pale kabla ya magharibi. Watu walikuwa wamesimama wakitazama, kila mmoja na lake. Mwengine alisema mabati yalikuwa mepesi. Mwengine alisema fundi alipunguza misumari. Mzee mmoja, mweka hazina wetu, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, hii ni amri ya Mungu, usijisumbue kutafuta sababu."

Nilimjibu kwa heshima kwamba hata nahodha humtegemea Mungu, na bado haachi kutia nanga. Kisha nikaenda kulitazama lile paa lililolala kiwanjani, na nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mabati yalikuwa mazima. Yalikuwa bado yamepigiliwa kwenye mbao zake. Mbao zilikuwa bado zimeshikana na trasi, zile pembetatu zinazobeba paa. Trasi nazo zilikuwa zimeshikana na ile mbao ndefu inayolala juu ya ukuta. Paa zima lilikuwa limeondoka kama mfuniko wa sufuria, pamoja na vipande vya mabloki ya safu ya juu.

Yaani fundi aliyapigilia vizuri yote aliyoyapigilia. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: ile mbao ya ukutani ililazwa juu ya ukuta kwa udongo wa saruji, bila bolti, bila mkanda wa chuma, bila chochote cha kuishika chini.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Mimi ni mhandisi wa majengo. Siku chuo kilipomalizika niliombwa nipite nikitazame. Nilisimama chini, nikaona mabati yamenyooka na rangi inang'aa, nikasema mashaallah, nikaenda zangu. Sikupanda ngazi. Lau ningepanda, dakika tano zingetosha.

Sasa kamati inachangisha tena. Yasemwa tununue mabati mazito zaidi, ya geji 28 badala ya geji 30. Naogopa kwamba tutatumia pesa nyingi zaidi kulirudia kosa lile lile. Ndiyo maana nataka tufahamiane, kwa lugha yetu na kwa hesabu ya kawaida, upepo hufanya nini kwenye nyumba na vitabu vya wahandisi vinataka nini.

Upepo haukandamizi, huinua

Wengi wetu twadhani upepo husukuma tu. Ukuta wa joshini, yaani upande upepo utokako, kweli husukumwa. Lakini upande wa demani, ule uliojificha, huvutwa nje. Na juu ya paa lililolala, upepo unapopita kwa kasi hupunguza shinikizo la hewa, kwa hivyo paa hufyonzwa kwenda juu. Wanaojua tanga wanalielewa jambo hili bila mhandisi: tanga halisukumwi tu, huvutwa pia, na ndivyo jahazi linavyoweza kwenda likiukabili upepo kwa ubavu.

Mafyonzo haya hayalingani kila mahali. Pembeni mwa paa, kwenye kona na kwenye ukingo, hufikia maradufu ya katikati au zaidi. Ndiyo sababu paa mara nyingi huanza kufunguka konani. Bati moja likiinuka, upepo hupata mlango, na yaliyobaki hufuata.

Kisha kuna shinikizo la ndani. Chumba kilichofungwa kila upande hakipati taabu kubwa. Lakini dirisha au mlango wa joshini ukiwa wazi na pengine pote pamefungwa, upepo huingia ukakosa pa kutokea, ukalisukuma paa kutoka chini wakati ule ule linapovutwa kutoka juu. Chuo chetu kilikuwa na madirisha matatu upande wa bahari ambayo yalikuwa bado hayajatiwa mbao. Tulisema tutayamaliza pesa zikipatikana.

Hesabu yenyewe

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kanuni inayotumika sana ni kuchukua kasi kwa mita kwa sekunde, kuizidisha kwa yenyewe, kisha kuzidisha kwa 0.613. Jibu ni newtoni kwa kila mita mraba.

Upepo wa mita 15 kwa sekunde, ambao ni kilomita 54 kwa saa, hutoa nguvu ya kilo 14 hivi kwa kila mita mraba. Kasi ikiongezeka maradufu, ikawa mita 30 kwa sekunde au kilomita 108 kwa saa, nguvu haiwi kilo 28. Huwa kilo 56, mara nne.

Sasa tuchukue chumba cha mfano chenye paa la mita 10 kwa 6, yaani mita mraba 60, lenye trasi 8. Kila trasi ina ncha mbili, kwa hivyo paa limeshikwa ukutani mahali 16. Tuseme dharuba ni ya mita 30 kwa sekunde na fyonzo la juu pamoja na shinikizo la ndani ni sawa na zile kilo 56 kwa kila mita mraba. Paa zima litavutwa juu kwa zaidi ya kilo 3,300.

Je, uzito wa paa hautalishika? Mabati pamoja na mbao zake hayazidi kilo 15 kwa kila mita mraba, sawa na kilo 900 kwa paa zima. Hubaki kama kilo 2,460 zinazotaka kuondoka. Gawanya kwa mahali 16, na kila kifungo chahitaji kushika kilo 154, yaani mifuko mitatu ya saruji ikining'inia.

Ukiliacha dirisha la joshini wazi, nguvu yaweza kuongezeka kwa karibu nusu. Hapo kila kifungo hubeba kilo 240, mifuko inayokaribia mitano. Na ukihama kutoka geji 30 kwenda geji 28, unaongeza kilo moja hivi kwa kila mita mraba. Kilo moja, mbele ya kilo 56. Bati zito lina faida zake, halibonyei upesi na huchelewa kutoboka kwa kutu, lakini uzito wake haulizuii paa kuruka. Hilo ndilo ningependa kamati yetu ilisikie kabla ya kwenda dukani.

Wazee walifunga, au waliweka uzito

Tazameni nyumba za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu. Dari zake ni boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe ya matumbawe na chokaa, uzito wa mamia ya kilo kwa kila mita mraba. Upepo wetu hauna nguvu ya kuinua dari kama hilo.

Nyumba ya makuti ilichukua njia nyengine. Ni nyepesi, lakini kila fito imefungwa kamba kwenye kombamoyo, kombamoyo kwenye mwamba, na mwamba juu ya nguzo iliyochimbiwa ardhini. Kutoka kuti hadi mchangani hakuna mahali pasipo na fundo. Paa lake pia ni la mwinamo mkali, na paa kali hufyonzwa kidogo kuliko paa lililolala, tena makuti hupitisha hewa.

Sisi tuliacha uzito wa mawe na tukaacha mafundo ya kamba, tukachukua bati jepesi na msumari. Bati halina ubaya. Ubaya ni kwamba fundo halikupata mrithi.

Vitabu vya wahandisi vilitoka wapi

Wako wanaoona viwango vya uhandisi kama karatasi za kutafutia pesa ofisini. Ni vyema kujua vilikotoka. Kanuni zetu za ujenzi kwa miaka mingi zilifuata za Uingereza, na Uingereza ilijifunza kwa msiba. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la reli juu ya mto Tay huko Scotland liliangushwa na dhoruba wakati treni ikipita. Hakuna abiria hata mmoja aliyenusurika. Uchunguzi ulibaini kwamba aliyelichora daraja hakuweka hesabu maalumu ya upepo, na kazi ya chuma nayo ilikuwa na kasoro nyingi. Baada ya hapo serikali yao ilitaka madaraja ya reli yahesabiwe kwa shinikizo la ratili 56 kwa kila futi mraba, kama kilo 273 kwa mita mraba. Daraja la Forth, lililofunguliwa 1890, lilijengwa kwa kipimo hicho na lingali linapitisha treni hadi leo.

Tangu wakati ule vipimo vimeboreshwa. Hapa Kenya, Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, na wahandisi wanahama kutoka vitabu vya Uingereza kwenda viwango vya Ulaya, ambavyo kile cha upepo ni EN 1991-1-4. Si lazima mwananchi avisome. Lakini mambo manne yaliyomo ndani yake yafaa kila mwenye nyumba ayafahamu.

La kwanza ni kasi ya msingi. Huchukuliwa upepo unaopimwa mita 10 kutoka ardhini, mahali pa wazi, ambao uwezekano wa kupitwa katika mwaka wowote ni 2 kwa 100. Watu huuita upepo wa miaka 50, na jina hilo hupotosha. Halimaanishi kwamba ukishapita una miaka 50 ya kulala usingizi. Ukifanya hesabu, nyumba itakayosimama miaka 50 ina uwezekano wa karibu 64 kwa 100 kukutana na upepo wa namna hiyo au mkali zaidi. Ni jambo la kutarajiwa. Na mhandisi lazima aangalie kasi imepimwa vipi: viwango vya Ulaya hutumia wastani wa dakika 10, vile vya zamani vya Uingereza vilitumia dharuba ya sekunde 3. Ukichukua nambari ya kitabu kimoja ukaitia katika kanuni ya kitabu chengine, utakosea vibaya.

La pili ni mahali. Upepo unaotoka baharini haukutana na kizuizi. Kwa kimo cha mita 10, shinikizo linalohesabiwa kwa nyumba iliyoko ufuoni ni zaidi ya maradufu ya nyumba kama hiyo iliyoko katikati ya mji wenye majengo marefu yaliyosongamana. Kwa hivyo mchoro ulioletwa kutoka bara hauwezi kuhamishiwa ufuoni kwetu kwa kubadilisha jina la mwenye kiwanja tu.

La tatu ni umbo: mwinamo wa paa, kona, ukingo, na matundu ya ukutani, kama nilivyoeleza.

La nne ni akiba ya usalama. Nguvu ya upepo huzidishwa mara moja na nusu, na uzito wa paa unaosaidia huhesabiwa pungufu, tisa ya kumi tu. Kwa mfano wetu wa dirisha lililo wazi, kile kifungo cha kilo 240 hutakiwa kiweze kilo 390 hivi. Hiyo ni karibu mifuko 8 ya saruji kwa kila ncha ya trasi. Misumari miwili iliyopigwa ikafuata nyuzi za mbao haina uwezo huo. Msumari wa namna hiyo hushika kidogo sana unapovutwa, na viwango havikubali uutegemee.

Lakini sisi hatuna vimbunga

Hili huambiwa kila mara, na lina ukweli wake. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia umsaidie kujizungusha, na msaada huo hufifia karibu na ikweta. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo vimbunga ni nadra sana kutufikia.

Lakini majirani zetu si mbali. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu merikebu za Sayyid Barghash. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazidja kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia.

Hata hivyo hoja yangu haitegemei kimbunga. Paa la chuo chetu liliondolewa na kusi ya kawaida, ile inayoturudia kila mwaka kuanzia Aprili hadi Septemba, na dharuba ya mvua iliyokuja nayo. Jengo lisiloweza kustahimili msimu unaojulikana jina na miezi yake haliwezi kusingizia ajabu.

Mnyororo kutoka bati hadi msingi

Kazi yote ya kulinda paa yaweza kufikiriwa kama mnyororo. Bati lishikwe na mbao zake, mbao na trasi, trasi na mbao ya ukutani, mbao ya ukutani na ukuta, ukuta na msingi. Pingu moja ikikosekana, nyengine zote zimefanya kazi ya bure.

Kwa hivyo unapojenga, muulize fundi au mhandisi wako haya:

Juu ya ukuta pana boriti ya zege inayouzunguka wote, na vyuma au bolti zimeachwa zikichomoza kuishika mbao ya ukutani? Kufunga waya kwenye bloki la juu peke yake hakutoshi, kwa sababu bloki lenyewe halina uzito wa kutosha, litaondoka nayo, kama lilivyoondoka letu.

Kila trasi imefungwa kwa mkanda wa chuma unaopita juu yake na kupigiliwa pande zote mbili? Mkanda hubeba mvuto kwa misumari inayokatwa ubavuni, na hapo ndipo msumari una nguvu.

Misumari au skrubu za mabati zimekaribiana zaidi kwenye kona, ukingoni na kileleni? Skrubu hushika kuliko msumari, ambao hulegea kidogo kidogo kila upepo unapolitikisa bati.

Paa la baraza limetenganishwa na paa kubwa? Baraza hupigwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu kwa pamoja. Likijengwa peke yake na likang'oka, litaondoka peke yake.

Na chuma chenyewe ni cha aina gani? Chumvi ya bahari hula chuma chembamba. Mkanda usiopakwa zinki ya kutosha waweza kuonekana mzima leo, na baada ya miaka michache ukavunjika mkononi. Kifungo cha pwani chataka kukaguliwa kila mwaka.

Kwa jengo la watu wengi, kama chuo, skuli au ukumbi, usikubali maneno matupu. Omba karatasi ya hesabu ya upepo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Uliza ametumia kasi gani, ameichukulia ardhi yenu kuwa ya ufuoni au ya mjini, na kila kifungo kimehesabiwa kwa kilo ngapi. Anayejua atajibu kwa dakika chache. Asiyejua utamjua kwa muda huo huo.

Wenye nyumba zilizokwisha jengwa nao wasikate tamaa. Siku moja ya fundi, mikanda kadhaa ya chuma na bolti za kutia ukutani zaweza kuufunga mnyororo uliokatika. Kwa upande wetu nilipiga hesabu ya vifungo vyote vilivyokosekana. Bei yake haikufika bei ya feni tulizozining'iniza dari ile.

Kamati yakutana wiki hii. Nimewaambia wenzangu kwamba mabati ya zamani mengi yanafaa kurudishwa, na pesa zilizokusanywa zianze na boriti ya zege, mikanda na mbao za yale madirisha matatu. Mweka hazina aliniuliza nani atathibitisha kwamba imefanywa. Nimemwambia safari hii nitapanda ngazi mwenyewe, na nimemwomba aje anishikie tochi.